Wifi Yangu Bi Moshi na Eksozi Mbili za Pikipiki ya Marehemu

Jina lake lote, kama alivyojikusanyia kazi baada ya kazi, ni Bi Moshi, Mfufua Mikweche, Mfungua Nati Zilizowashinda Wanaume, aliyemtoa nduki fundi mkuu wa gereji kwa kumwonyesha mbele ya wateja kwamba pistoni ameipachika kinyume; binti wa mtengeneza baiskeli; na dada wa tumbo moja wa marehemu mume wangu. Mengine yote ningemsamehe. Hilo la mwisho ndilo lililonifunga naye maisha.

Namwandika mimi kwa sababu wanaompenda hawamjui.

Alipokuwa na miaka tisa baba yake alimkalisha juu ya debe, akamfumba macho kwa kitambaa na kumpa bakuli la gololi za baiskeli azipange kwa ukubwa kwa kugusa tu. Kaka yake alikuwa amepewa kazi hiyo kabla yake, akazimwaga zote, akakimbilia mpira. Basi kazi akarithi dada, na kaka akapewa baiskeli ya kuendesha. Nadhani kisirani chake kilianzia hapo. Mimi nilipoolewa nilikikuta kimeshaiva.

Siku nilipoingia kwao wenzake walinitazama uso. Yeye alinitazama viatu, akasema, "Huyu hatafika mbali." Nilifika miaka arobaini na miwili ya ndoa, na viatu vile ninavyo.

Mume wangu alipopata nafasi alinunua pikipiki kubwa ya safari, yenye kiti kipana kama kochi, kioo cha kukinga upepo na eksozi mbili za kutolea moshi, moja kila upande. Tulizunguka nayo, mimi nyuma yake, na kila tuliporudi wifi aliipokea, si sisi. Aliipapasa injini kama daktari, kisha ndipo alipouliza kama tumefika salama. Mazishini alinitangazia kwamba nilimwacha kaka yake aendeshe kwenye mvua na homa yake. Nilimjibu kwamba ni yeye aliyeitengeneza pikipiki isijue kuzimika. Miaka minane baada ya hapo hatukusalimiana.

Kilichotukutanisha ni binti yangu. Ni fundi wa friji za kuhifadhia chanjo, na alikuwa amepata kazi ya kuzungukia zahanati za mbali. Sharti lilikuwa moja: awe na chombo chake cha usafiri kilichopita ukaguzi. Alipeleka pikipiki ya baba yake, mkaguzi akaiwasha, akaziba masikio. Eksozi zilikuwa zimeliwa na kutu mpaka zimetoboka kama chujio. Akapewa mpaka Jumatatu. Isipopita, nafasi anapewa mwingine.

Eksozi za aina ile haziundwi tena. Binti alitafuta akapata jozi ya kampuni nyingine, fupi kidogo na nene.

"Hakuna fundi mwingine?" nikamuuliza.

"Wapo, mama. Wote wameniambia nimpelekee shangazi."

Ijumaa asubuhi tukaisukuma mpaka kwenye banda lake la mabati. Binti akamsalimu shangazi yake, akakimbilia mjini kutafuta vifaa vyake vya kazi, akaniacha mimi na yule mtu. Ukutani kila chombo kilikuwa kimechorewa umbo lake kwa rangi, ili kikikosekana ajue nani wa kumtukana.

"Kumbe bado upo," akasema, kichwa kakiinamisha.

"Nipo. Ulitaka nife upate pikipiki?"

"Pikipiki ningeichukua ukiwa hai na ukitazama." Akaizunguka mara mbili. "Masanduku ya pembeni yako wapi?"

Masanduku yalikuwa chini ya kitanda changu. Ndani nilitunza mashati ya marehemu, jinsi alivyoyakunja mwenyewe, na nilikuwa nimeapa kwamba vidole vyenye grisi vya dada yake havitayafikia. Nilijua akiyaona tu atasema ni ya kaka yake.

"Yalishauzwa," nikasema.

Akaniangalia kwa jicho la pembe, akachukua msumeno.

Lazima niseme ukweli hata kama unaniuma ulimi: kazi anaijua. Midomo ya eksozi mpya ilikuwa mipana kuliko mabomba yanayotoka kwenye injini. Fundi mwingine angejaza bati na kamba. Yeye alikata pete mbili za chuma, akazipiga tupa, akajaribu, akapiga tupa tena, mpaka zikaingia kwa kusukuma na kiganja. Kisha stendi kubwa. Eksozi ya zamani ya kushoto ilikuwa na kipande cha mpira ambacho stendi ilikilalia ikikunjwa. Mpya haikuwa nacho, na stendi ingepanda mpaka igonge mnyororo. Akachomelea kikomo kwenye fremu, akakivisha mpira. Mwisho akatengeneza vishikio viwili, akaziinua eksozi kwa nyuma zisije zikakwaruza kwenye mashimo, akaiwasha, akachuchumaa na kuweka viganja viwili nyuma ya eksozi, kimoja kila upande, akipima kama zinapumua sawa. Sauti ilikuwa nene na tulivu.

"Ondokeni," wifi akatuambia, binti aliporudi. Hiyo ndiyo kwaheri yake.

Jumamosi binti akaniuliza, "Mama, vifaa vyangu nitavipakia wapi?" Kabla sijajibu ameshainama chini ya kitanda. Nikatoa mashati, nikayaweka kitandani. Akayafunga masanduku, akajaza vifaa, akaenda kuijaribu. Alirudi anakohoa. Chini ya sanduku la kushoto, palipokaribiana na eksozi, plastiki ilikuwa imelainika kama mshumaa, na tundu la ukubwa wa kisosi lilikuwa linatoa moshi.

Tulirudi bandani. Wifi alilitazama sanduku. Kisha akanitazama mimi, taratibu, kuanzia miguuni.

"Umeyanunua tena jana jioni?"

Binti akageuka. "Mama, ulimwambia nini shangazi?"

"Aliniambia yameuzwa," wifi akasema. "Mimi kwa mikono yangu nimemwashia moto mtoto wa kaka yangu chini ya vifaa vyake, kwa sababu ya mdomo wa huyu."

"Nani kawasha moto?" nikasema. Sikuwa wa kufyata mkia mbele yake. "Fundi gani asiyeona vyuma vya kushikia masanduku vimebaki palepale? Umezeeka, useme!"

Nilidhani atanirushia nyundo.

"Niliviona," akasema. "Nimevichomelea mimi, miaka ishirini iliyopita. Kila kazi huwa napima, siulizi. Jana nikajiambia, kwa pikipiki ya marehemu hatathubutu kunidanganya. Nikakuamini mara moja katika maisha yangu. Hilo ndilo kosa langu, na sitalirudia."

Hilo silisahau. Matusi yake yote ya miaka mingi hayakunipata kama lile neno.

Akakata vishikio vyote viwili vya eksozi alivyovitengeneza siku iliyotangulia. Akashusha eksozi, akazisogeza ndani, akazifunga kwa vishikio vipya, akaliziba lile tundu kwa bati la alumini na kuacha nafasi ya hewa katikati. Halafu akapaka chaki nyeupe chini ya masanduku.

"Panda," akaniambia.

"Mimi?"

"Pikipiki ikibeba mzigo inakaa chini, na vitu vinasogeleana. Nahitaji mzigo. Hatimaye umefaa kwa kitu."

"Shangazi!" binti akasema, lakini msaliti yule alikuwa anacheka.

Nikapanda. Tangu mume wangu aondoke sikuwa nimekaa pale. Mikono ikatafuta mgongo ambao haupo, nikaishika ncha ya kiti.

"Kaa vizuri. Mwaga uzito wote, usibane."

"Nimebana nini?"

"Pumzi. Unabana kama bibi harusi. Ruka kidogo."

Nikaruka. Binti alishika usukani, machozi ya kicheko yakimtoka. Wifi akalala kifudifudi sakafuni, akachungulia. Chaki haikuguswa. Akaingiza vidole viwili kati ya eksozi na sanduku, vikapita. Akajaribu cha tatu, kikagoma. Akaridhika na viwili.

Jumatatu binti alikwenda kwa mkaguzi peke yake. Nilitaka kungoja nyumbani, lakini miguu ilinipeleka bandani. Wifi alinisogezea stuli kwa mguu, yeye akakaa juu ya tairi akinipa mgongo. Tukakaa hivyo tangu saa mbili mpaka saa sita. Kila pikipiki iliyopita barabarani sote wawili tuliinua kichwa, na kila mmoja akajifanya hakuinua.

Ya kwetu tuliijua kabla haijakata kona. Binti akaizima, akatoa karatasi yenye mhuri.

"Imepita! Mkaguzi aliuliza nani aliyezifunga. Kesho naanza, wiki ya kwanza zahanati za karibu, narudi kila jioni."

Nikamkumbatia. Wifi hakuangalia karatasi. Alikwenda kuchungulia maungio ya eksozi, akagusa bomba kwa kidole chenye mate, yakachemka kidogo tu. Akangoja lipoe. Kisha akaondoa ukutani spana namba kumi na tatu, akanisukumia mimi, si binti.

"Vibano vipya vinavyoshika eksozi vikipata moto vinalegea. Wiki nzima, kila jioni ikishapoa, utavikaza. Unavuta mpaka nati igome, unaongeza robo, basi. Ukizidisha unakata bolti. Ukilegeza, moshi unavuja na mkaguzi anaichukua karatasi yake."

"Kwa nini mimi? Mwenye pikipiki huyu hapa."

"Huyu atarudi amechoka, atasema kesho. Anayenipenda atanidanganya kwamba amekaza. Wewe utakaza hata ukiumwa, ili Jumapili nikija nisipate la kukusema."

"Jumapili unakuja kwangu?"

"Nakuja kukagua nati. Chai yako siihitaji." Akaelekeza kidole kwenye kibano cha kushoto. "Vua bangili hiyo, itakubana. Nati ya kwanza ni hii. Vuta, nikuone."