Mlio wa Kona ya Kulia

Nilipanda Lushoto kukaa siku mbili, nikakaa miezi minne. Chumba nilipanga kwa mkunga mstaafu, kwenye mteremko wa njia ya Kwai, nyumba ya tofali yenye migomba chini yake na karoti chini zaidi. Mbele ya nyumba palikuwa na sehemu iliyochongwa ubavuni mwa mlima, ya kutosha gari moja. Hapo aliegesha gari lake dogo jeupe, ambalo lilikuwa limeshazeeka wakati mimi bado natumwa chaki shuleni.

Mama huyo alikuwa amestaafu, lakini wanawake wa vitongoji vya juu walikuwa wanaendelea kuzaa. Uchungu ukianza, waume walimpigia simu yeye, naye aliwafuata akawashusha hospitali. Nilipofika alikuwa ameacha. Gari lilikuwa linalia mbele, na fundi alikuwa amemwambia kwamba bolijointi, kile kiungo kinachoshikilia gurudumu, imekufa tena na gurudumu litachomoka kwenye kona. Mtu wa Mombo alikuwa tayari kulinunua kama lilivyo, kwa bei ya chuma chakavu. Angekuja Jumamosi. Siku aliyonieleza hayo ilikuwa Jumatatu.

"Siwezi kumpakia mwenye mimba halafu nibaki na usukani mkononi," alisema.

Nilimwomba nilisikie gari lenyewe.

"Kwani wewe ni fundi?"

"Hapana, mama."

"Umesoma wapi?"

"Niliishia darasa la sita."

"Sasa utasikia nini ambacho sisi hatukusikia?"

"Sijui. Nataka kusikia tu."

Akachukua ufunguo. Nadhani alichoka kubishana.

Nilikuwa nimewahi kuosha vipuri kwenye gereji moja Tanga, msimu mmoja wa mvua, kabla sijachoka na kuhama. Kazi ya kuosha vipuri ina faida moja: unaona ndani ya vitu ambavyo wenye magari hawavioni. Kule nilijifunza kwamba mlio hauna maana mpaka ujue unatokea wakati gani.

Mahali tambarare ni pachache huko. Tulikwenda uwanja wa mpira wa kijiji, mama akaendesha mwendo wa kutembea, mimi nikawa nakimbia pembeni nimeinama kama anayefukuza kuku. Akienda moja kwa moja, kimya. Akipita kwenye shimo, kimya. Akikata kushoto, kimya. Akikunja usukani wote kulia na kukanyaga mafuta: ka-ka-ka-ka, kwenye gurudumu la kushoto. Akiachia mafuta, mlio unapungua. Tulizunguka mara sita au saba. Wachungaji wa mbuzi walisimama kutazama.

Bolijointi iliyokufa hugonga kwenye mashimo, haingoji ukanyage mafuta. Hii ilikuwa sivi jointi, kile kiungo cha mwisho wa ekseli kinachozungusha gurudumu hata likiwa limekunjwa. Nikalala chini nikatazama. Mpira unaokifunika ulikuwa umepasuka, na grisi ilikuwa imeruka na kukauka ndani ya rimu pamoja na udongo mwekundu.

Ufa wenyewe ndio ulionishangaza. Ulikuwa upande mmoja tu, umenyooka kama umekatwa kwa wembe. Sikuuelewa mpaka tuliporudi nyumbani na mama akaegesha. Kabla ya kuzima alikunja usukani wote kushoto, mpaka mwisho, matairi yakaelekea kwenye ukingo wa mlima. Hivyo ndivyo watu wa milimani wanavyoegesha, ili breki ikiachia, gari liegemee mlima lisishukie bondeni. Gari hili lilikuwa limelala hivyo miaka yote aliyokuwa nalo, kwenye baridi, mpira umevutwa upande uleule. Gurudumu la kushoto likikunjwa kushoto hukunjwa zaidi ya mwenzake. Sina hakika kama mhandisi angekubali. Mimi niliridhika.

Kesho yake tulikwenda kwa fundi, nyuma ya stendi. Ndiye aliyebadilisha bolijointi, mara mbili.

"Shikamoo, mama. Umemleta mtaalamu wa Ulaya?"

"Marahaba. Huyu ni mpangaji wangu. Anakimbia na magari."

"Nimesikia. Wenye mbuzi wanasema gari lilikuwa linamshinda." Akanigeukia. "Haya, mkimbiaji, bolijointi yangu ina kosa gani?"

"Haina kosa. Ni nzima."

Hilo lilimlainisha. Nikamwonyesha grisi kwenye rimu. Alitazama muda mrefu, akasema maneno kwa Kishambaa, mama akacheka. Mimi sikutafsiriwa.

"Nilipandisha jeki nikatikisa gurudumu," alisema baadaye. "Lilikaza. Hata hivyo nikasema barabara yetu hii inakula bolijointi, basi. Lakini ekseli mpya ni ghali, mama, afadhali uuze."

Nikamweleza walichokuwa wanafanya wenye teksi Tanga. Kiungo kile kina gololi sita zinazotembea kwenye mifereji. Gari likienda mbele, gololi husukuma ukuta mmoja wa mfereji. Ukuta wa pili hutumika kidogo sana, wakati wa kurudi nyuma. Ukihamisha kiungo cha kushoto kwenda kulia, na cha kulia kuja kushoto, gololi zinaegemea kuta ambazo hazijalika. Kinachonunuliwa ni mipira miwili ya kufunika, bendi za kuibana na grisi.

"Nani alikuambia?"

"Niliviosha."

Mipira ililetwa na basi kutoka Korogwe siku ya Alhamisi. Fundi aligonga viungo vikatoka kwenye ekseli, mimi nikaviosha kwa mafuta ya taa, kazi niliyoikimbia Tanga. Mfereji ulikuwa na vishimo upande mmoja, mwingine uling'aa. Fundi alipitisha kidole pande zote mbili, akapitisha tena. Ijumaa jioni tulikuwa uwanjani. Kulia, mafuta, kushoto, mafuta. Zilisikika injini na mbuzi tu.

"Halitadumu milele," nilimwambia mama.

"Wala mimi," alijibu.

Ugomvi ulikuwa kwenye kuegesha. Nilimwomba anyooshe matairi na kuweka mawe.

"Likishukia karoti za watu utakuwa wapi?"

"Sijui, mama."

"Najua hujui. Ndiyo maana nauliza."

Alikunja kushoto kama kawaida, akaingia ndani.

Jumamosi asubuhi mnunuzi alifika, amevaa koti zito la mtu asiyezoea baridi yetu. Nilikuwa nafua. Akaniuliza gari liko wapi.

"Limepanda juu. Kuna mtu ameshikwa na uchungu."

"Si nimeambiwa ni bovu?"

"Lilikuwa linalia."

Alisogea mpaka ukingoni akatazama pale lilipokuwa. Nami nikatazama. Alama za matairi zilikuwa zimenyooka, kumbe usiku alikuwa ametoka akaliegesha upya, na mbele ya kila moja palikuwa na jiwe, limesogezwa pembeni kwa mguu. Alisubiri kidogo, akaomba maji, akanywa, akauliza saa ya basi la kushuka Mombo.