Nusu Bidoni kwa Ajili ya Chuma

Baba yangu alilima maharage upande wa Lubero, na mama yangu alifinyanga vyungu. Nilizaliwa juu kidogo ya Butembo, mahali ambapo udongo ni mwekundu, na jembe likipigwa mara moja huzama lote. Majina yao unayajua, mjukuu wangu, usiyaandike hapa. Andika udongo, kwa sababu habari hii imetokana na udongo. Goma haina udongo wa namna ile. Goma ni jiwe jeusi lililoshuka kutoka mlimani likiwa moto, likapoa, na watu wakajenga juu yake.

Shule sikuingia, walioingia ni kaka zangu. Nilipofiwa na babu yako nilipata kazi ya usafi katika nyumba moja ya mtaa wa Katoyi, Goma, iliyokuwa ikisikiliza mlima wa moto. Huko juu walikuwa wamefukia vyombo vinavyohisi ardhi inapotetemeka. Habari zake zilishuka kwa redio hadi kwetu, zikaingia ndani ya kompyuta kupitia kadi ya kupokea vipimo, bamba jembamba la kijani lenye meno ya rangi ya dhahabu. Kadi ndiyo iliyogeuza mtetemo kuwa mstari kwenye kioo. Kompyuta hiyo haikuunganishwa na mtandao wowote. Walisema kwamba mashine nazo huambukizana magonjwa.

Fundi wa kwanza, muzee mwenye maneno machache, aliniachia amri moja kabla ya kuondoka kwenda kwao. Nyuma ya nyumba palikuwa na chuma kirefu kilichopigwa kwenye shimo lililojazwa makaa, na waya mnene ulitoka hapo ukaingia ndani. "Kila asubuhi, Mama, nusu bidoni ya maji hapa, na konzi ya chumvi. Usisahau." Nusu dumu la maji kila siku, na sikumwuliza sababu. Baba yangu, kabla hajabatizwa, alikuwa akimwaga pombe ya ndizi penye jiwe la wazee wake. Nikadhani mafundi nao wana wazee wao. Mimi ni Mkatoliki. Nilimwaga maji yale miaka mingi, nikiona haya kidogo, nikitazama kwanza kama jirani yupo.

Kisha vita vikakaribia. Watu wakashuka na magodoro kichwani, wakajaa Kanyaruchinya, chini kabisa ya mlima, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine. Umeme ukakatika, kompyuta ikawa ya jenereta; bomba la mtaa likakauka. Nyumba ikabaki na bidoni moja kwa siku, iliyochotwa ziwani, upande wa Keshero. Ndipo alipokuja mama mmoja aliyekimbia Rutshuru, mwenye mtoto mchanga mgongoni. Alikuwa akitembea kutoka kambini hadi Katoyi akiomba kufua nguo, ili alipwe kwa maji. Sikuwa na nguo za kufua. Nilitazama ile nusu bidoni ya chuma, nikamtazama mtoto, nikaamua kwamba mwenye koo ndiye anywe. Nilimpa siku hiyo, nikamwahidi ya kesho, nikampa kila siku iliyofuata. Sikumwambia mtu.

Wakati huo fundi alikuwa mwingine, kijana aliyesoma, mpole, mwenye kuvaa shati lilelile. Wiki ya pili ikaisha, na Jumanne asubuhi nikamkuta amesimama mbele ya kioo. Mstari uliokuwa ukilala kama uzi ulikuwa ukirukaruka bila kupumzika.

"Iko nini?" nikamwuliza.

"Ao kadi imeharibika, Mama, ao mulima umeamuka."

Wakuu wa kambi walikuwa wamesikia. Wakataka jibu kwa redio kabla ya Alhamisi saa tisa: watu wabaki Kanyaruchinya au wahamishwe. Kuwahamisha maana yake ilikuwa kuwapeleka barabarani, kuelekea Sake, mahali ambapo risasi zilikuwa zikisikika. Kuwaacha, ikiwa mlima umeamka kweli, sina haja ya kukueleza.

Siku mbili nilimwona akipambana na kadi ile. Hakuwa na mtandao wa kuuliza, hakuwa na mwenzake. Aliitoa, akasugua meno yake kwa kifutio cha mwanafunzi, akairudisha, kisha akaihamishia kwenye tundu jingine. Alipekua sanduku akapata diski ya zamani, akaifundisha upya kompyuta kuitambua kadi. Mstari ukaendelea kucheza. Alhamisi asubuhi akachomoa waya za redio, akaunganisha midomo miwili ya kadi kwa kipande kifupi cha waya mwekundu. Mstari ukalala mara moja. Akagusisha betri ndogo ya tochi. Mstari ukapanda hatua moja, ukatulia hapo.

"Kadi iko muzima," akasema, na uso wake ukaanguka. "Inasikia vizuri. Basi ni mulima."

Mimi nilikuwa nimeweka beseni la maji sakafuni. "Tazama haya maji. Hayatikisiki."

"Mama, hii mashini inasikia kile beseni haiwezi kusikia." Akacheka bila furaha. "Kama ingekuwa beseni inatosha, mimi nilisomea nini?"

Alisema kweli. Akarudisha waya za redio, mstari ukaanza kucheza tena. Akasogeza kiti karibu. Alitazama muda mrefu. "Lakini unacheza sawasawa mno," akasema polepole. "Kama cherehani. Mulima hauna adabu ya hivi." Akainuka, akaufuata ule waya mnene kwa kidole, kutoka kwenye kompyuta, ukutani, hadi nje. Nikamfuata. Alichutama penye shimo, akachukua makaa mkononi. Yalikuwa makavu, yakageuka unga.

"Mama, muzee hakukuambia kumwaga maji hapa?"

Ningeweza kusema sikuambiwa. Yule muzee alikuwa mbali, na fundi angeniamini. Nikamwambia yote: maji, mtoto, na jiwe la baba yangu.

Hakunikemea. Alinieleza, nami nikaelewa, kwamba mashine inahitaji kushika ardhi ili kelele za jenereta zipate pa kwendea. Jiwe letu jeusi halishiki umeme; maji na chumvi ndiyo yanayoshika. Chuma kikikauka, kelele hurudi ndani ya kadi, na kadi huziandika kana kwamba ni mlima.

Ilikuwa saa saba. Katika nyumba, mbali na maji machache ya beseni, palibaki nusu bidoni, na mwenye nayo alikuwa amekwisha kufika mlangoni, mtoto mgongoni, akisikiliza.

"Haya ni yako," nikamwambia. "Nilikuahidi."

Akamtazama fundi. "Nikikunywa, tutahamishwa?"

"Sitaweza kujua, mama. Na nisipojua, nitasema muhame."

"Nimehama mara tatu toka huyu azaliwe." Akanisukumia bidoni kwa mguu. "Pa chuma maji. Sisi tumezoea kungoja. Hicho kinaonekana hakijui kungoja."

Nilimwaga mwenyewe, polepole, pamoja na chumvi, ili makaa yanywe na tone lisipotee. Lile beseni la sakafuni, maji yake yakiwa bado safi, nilimpa mtoto. Tukaingia ndani sote. Mstari ulipungua kidogo kidogo, kama mtu anayeacha kulia. Chini yake ukaonekana mlima wenyewe: mtikisiko mdogo, kimya, mwingine mdogo.

"Ni kawaida yake," akasema fundi. Alingoja hadi karibu saa tisa ndipo akasema hivyo kwenye redio. Watu wakabaki.

Kesho yake alikuja na pikipiki, bidoni mbili nyuma. Moja ya chuma, akasema, moja ya mama. Hakuacha hadi bomba lilipofunguliwa.

Sasa sikiliza, wala usitengeneze maneno yangu. Katika kopo la chai, juu ya kabati, kuna kile kipande cha waya mwekundu. Fundi alinipa Alhamisi ile. Kitunze. Lakini zaidi tunza hili: ukimwachia mtu amri, mwachie na sababu yake, hata kama ni mfagiaji asiyejua kusoma. Nawe ukipewa amri usiyoielewa, uliza, hata ukichekwa. Maji niliyompa yule mama siyajutii. Ninachojutia ni kwamba sikumwambia mtu. Andika na hilo. Kisha soma yote tangu mwanzo, nisikie kama umeandika nilivyosema.