Niliandika Mzee Jumanne aondolewe kwenye tokamak yetu hapa Singida, kisha tukafungua dirisha

Wakuu, salaam kwenu.

Nimekuwa msomaji tu humu kwa muda mrefu, leo naandika. Nitakachosimulia kimenitokea mwenyewe, na sehemu zinazoniaibisha sijazikata. Anayetaka kubisha abishe, hata mimi ni mbishi.

Nimesoma fizikia. Baada ya miezi kadhaa ya kukaa kwa shangazi pale Unyambwa nikituma CV kila mahali, nilipata nafasi kwenye chuo kimoja hapa Singida mjini. Kilikuwa kimepewa tokamak ndogo iliyotumika. Chuo cha nje kilipata mpya, hii ya zamani wakaifungua vipande vipande wakatuletea kwenye makontena.

Kwa wasioijua: tokamak ni chungu cha chuma chenye umbo la tairi, kimezungukwa na koili za shaba. Unatoa hewa yote iliyomo, unaingiza haidrojeni kidogo sana, kisha unapitisha umeme mkubwa kwa muda mfupi mno. Gesi inageuka plasma, yaani gesi ya moto sana inayopitisha umeme, na usumaku wa koili unaizuia isiguse ukuta. Ni mojawapo ya njia ambazo watu wanajaribu ili siku moja wapate umeme kwa kuunganisha atomi, kama jua linavyofanya.

Nawahi maswali yenu. Hapana, ya kwetu haizalishi umeme. Inakula umeme. Ina ukubwa wa tairi la nyuma la trekta, na hata ikienda vizuri haiwezi kuchemsha chai. Ni ya kujifunzia.

Siku ya kwanza nilimuuliza bosi wetu, Dokta Neema, sasa faida yake nini. Akanijibu, "Wewe ulipoanza kutembea ulikuwa unaenda wapi?"

Sikulipenda lile jibu.

Tulikuwa watatu. Dokta, mimi, na Mzee Jumanne, mtu wa Issuna, ambaye karibu maisha yake yote ametengeneza mashine za kukamua alizeti. Alikuja chuoni kufunga mabomba tu. Dokta akaona anavyofanya kazi, akampa pampu za kunyonya hewa kwa mkataba mfupi.

Mimi niliona si sawa. Mikono yake imepasuka, mistari myeusi imeingia kwenye nyufa, ukiiangalia unafikiri haijawahi kuoshwa. Mtu aliyelowa mafuta maisha yake yote, unamkabidhi mashine ambayo adui yake mkubwa ni mafuta?

Hapa nifafanue kidogo, maana ndiyo kiini cha kisa.

Ndani ya kile chungu panatakiwa usafi ambao ukiuelezea nyumbani wanadhani unajigamba. Alama moja ya kidole inatosha kukuharibia wiki. Mafuta yanatoa mvuke polepole, mvuke unaingia kwenye plasma, plasma inapoa na kuzimika. Kwa hiyo tunavaa glovu, tunafuta kila kitu kwa spiriti, tunafunga, tunawasha pampu, halafu tunapasha chungu joto siku kadhaa kwa mikanda ya umeme ili uchafu utoke.

Watu wanadhani kazi hii ni kubonyeza vitufe. Ni kusubiri namba ya presha ya ndani ishuke.

Ikashuka, ingawa si kama tulivyotaka. Dokta akasema tujaribu.

Shot ya kwanza, yaani kuwasha mara ya kwanza: mlio mmoja mkavu, kama mtu amefunga mlango wa bati. Kwenye kamera mwanga hafifu ukaja ukapotea. Mchoro wa mkondo wa umeme ulipanda kidogo ukaanguka. Ya pili hivyo hivyo. Ilipofika ya kumi, kwenye daftari nilikuwa naandika neno moja tu: imekufa.

Tuna kipimo kinachoonyesha ni gesi gani zimebaki ndani. Kilionyesha mafuta.

Sikuhangaika kutafuta. Pampu ya kwanza ina mafuta ndani yake, na aliyeifungua na kuifunga ni Mzee Jumanne. Jumatano nikaandika email kwa Dokta, ndefu, yenye michoro, nikamaliza kwa kupendekeza mzee aondolewe kwenye pampu na mkataba wake usiongezwe.

Kesho yake asubuhi Dokta akatuita wote wawili, akaisoma kwa sauti. Sikutegemea hilo.

"Kwa hiyo ni mimi," mzee akasema.

"Sijasema ni wewe, mzee. Nimesema ni pampu."

"Pampu haina mkataba, kijana." Akanigeukia. "Asubuhi umeniamkia shikamoo vizuri kabisa, kumbe jana umeshanifukuza. Siku nyingine anza na barua, shikamoo ije baadaye."

Dokta hakucheka. Akasema ataamua Ijumaa mchana. Kama ni pampu, mzee anarudi Issuna.

Mzee akaniomba nifunge valvu kati ya pampu na chungu. Kama uchafu unatoka kwake, akasema, utakoma. Nikafunga. Haukukoma, kipimo kiliendelea kuonyesha mafuta. Nikamwambia hiyo haithibitishi kitu, mafuta yangeweza kuwa yameshaingia siku nyingi. Bado naamini hoja yangu ilikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba niliitoa kwa furaha.

"Basi fungueni tuone," akasema.

Kufungua maana yake ni kuingiza hewa na kupoteza siku zote za kusubiri. Nilipinga. Dokta akaruhusu.

Ijumaa asubuhi tukaanza na upande wa pampu. Mzee alifungua bomba lake mwenyewe, akapitisha kitambaa cheupe ndani, akatuonyesha. Kimetoka cheupe.

Kisha akaenda kwenye dirisha, kile kioo kinene cha kuchungulia ndani. Tulipolitoa, kwenye uso wa chuma linapokaa palikuwa na alama mbili za vidole, zimekatwa katikati na ringi ya kuzibia, nusu upande wa ndani ya chungu, nusu nje. Nusu ya nje ilikuwa na rangi ya kahawia, inang'aa kama vanishi.

Mzee alichukua muda. Akakwaruza kwa ukucha, akanusa.

"Haya si ya pampu," akasema. "Ya pampu ukiyapasha yanabaki laini, unafuta yanatoka. Haya yameganda. Mama Dokta, wewe si unapika? Sufuria ya kukaangia chini inakuwaje?"

Dokta akainama kuangalia. "Alizeti," akasema.

"Alizeti. Tena imekaangwa vizuri. Nani alifunga hili dirisha?"

Daftari lilikuwa mezani, hakuna aliyehitaji kulifungua. Nikasema ni mimi, ila nilivaa glovu.

"Vaa nione."

Sasa wakuu, mliowahi kukaa Singida kiangazi mnajua upepo wake. Ngozi inakauka mpaka midomo inachanika. Shangazi huniwekea mafuta ya alizeti kwenye kichupa, najipaka mikononi nikifika kazini. Kila mtu anapaka. Sikuwahi kuhesabu hayo kuwa mafuta. Kwangu yalikuwa sehemu ya kuoga.

Nikachukua glovu, nikaivuta ya kulia kwa mkono wa kushoto ulio wazi, kisha ya kushoto kwa mkono wa kulia, nikavuta vidole vikae vizuri. Kama siku zote.

"Shika kioo cha simu yako," mzee akasema.

Nikakifuta, nikakishika, nikakiinua kwenye mwanga. Alama ya kidole ilikuwa pale, imekolea. Wakati wa kuvaa nilikuwa nimezipaka glovu mafuta kwa nje, kisha nikaenda kushika chuma nikiamini mimi ni msafi.

Dokta akaangalia saa, ilikuwa bado hata saa sita. Akamwambia mzee, "Mkataba wako nauandaa leo."

Mimi nikasema nitaandika kuifuta ile email.

"Andika," mzee akasema. "Ila iwe ndefu kama ile. Na michoro uweke."

Niliweka michoro.

Tulisafisha, tukafunga upya, tukapasha, tukasubiri tena. Dirisha alilifunga yeye. Safari hii namba ilishuka kuliko mwanzo. Shot ya tatu mkondo ulipanda, ukakaa, ukashuka taratibu. Kwa macho ni mmweko mmoja wa rangi ya waridi, ukipepesa umekupita.

"Ndiyo hiyo?" mzee akauliza.

"Ndiyo hiyo."

"Haya. Washeni tena, nilikuwa naangalia pampu."

Nilichojifunza: mimi nauliza kila kitu. Nimeuliza faida ya mashine, nimehoji mzee kupewa pampu, nimehoji jaribio la valvu. Kitu ambacho sikuwahi kuuliza ni kwa nini mikono ya mtu aliyefanya kazi kwenye mafuta miaka yote imepasuka vile.

Nilikuja kumuuliza baadaye. Akasema tangu alipokabidhiwa pampu hajipaki chochote, aliona kule kwenye alizeti mafuta yanavyotembea toka mkononi hadi kila unachoshika.

Karibuni kwa maoni, na wabishi wenzangu msijizuie. Wenye mashine za kukamua humu, kama nimekosea kuhusu ile rangi ya kahawia nisahihisheni, nitampelekea Mzee Jumanne. Kichupa cha shangazi sasa kinabaki Unyambwa, na mikono yangu imeshaanza kupasuka.