Siku Niliyobebwa Nikiwa Mzima

Hata kuandika hapa naona haya, lakini nusu ya watu wa kwetu Tetu waliniona, kwa hivyo namficha nani?

Miaka ile baada ya uhuru tulikuwa tunachimba mtaro wa bomba la maji kwa harambee, kila nyumba mtu mmoja, kila Jumatano. Mimi nilikuwa nimejiunga na darasa la watu wazima (shule niliachia darasa la nne, msinitarajie makubwa). Siku moja Mwalimu Wafula, mtu wa Bungoma, akatufundisha kwamba wako wataalamu wa mambo ya jamii wanaosema kila mtu hupima faida na hasara yake, kisha huchagua linalomfaa yeye, ndiyo maana kazi ya wote hukwepwa. Akaongeza, "Lakini nadharia hii ina mipaka yake," na hapo nikatoka kwenda kukamua ng'ombe. (Kosa si la mwalimu.)

Jumatano nikapiga hesabu: wanachimba watu sitini, mimi nikikosa maji yatafika tu. Sikuona kasoro. Nikamwambia mke wangu Nyambura tumbo linanikata, nikalala, nikidhani atapeleka salamu tu, kumbe alikimbia mpaka mtaroni akipiga nduru, na kabla sijamaliza kiazi nilichoficha chini ya blanketi watu walikuwa wamejaa mlangoni, wakafunga gunia kwenye miti miwili, wakanibeba kuelekea hospitali mjini Nyeri.

Sasa nikaogopa kweli. Wakijua, nitaitwa mvivu mpaka kaburini, na watoto wangu pia.

Na hesabu yangu ikaanza kunichanganya, kwa sababu kila mmoja angeweza kusema wengine watabeba, lakini waligombania ile miti!

"Wewe umebeba tangu kanisani, toka!"

"Toka wewe, huyu ni jirani yangu!"

(Nisiwe mwongo: Kariuki wa boma la chini alitupa jembe lake haraka mno, akafurahia safari. Kwake nadharia ilisimama sawasawa.)

Kwenye mteremko wa mto uliokuwa njiani Kariuki akateleza, machela ikainama, nami nikaruka, nikavuka maji kwa hatua mbili, nikasimama ng'ambo na kiazi mkononi.

"Amepona!" akalia Mama Njeri, msimamizi wetu wa mtaro. Wakaanza wimbo wa shukrani, Nyambura akitokwa na machozi. Hesabu ilisema ninyamaze. Walipofika ubeti wa pili nikashindwa.

"Ngojeni. Sikuwa mgonjwa. Nilihesabu nikaona mtanichimbia."

Mama Njeri akaniuliza: "Ati ulihesabu? Na sisi ulituhesabu kama nini, mbuzi?"

Kariuki alicheka mpaka akakaa kwenye matope. Wakanirudisha wakiimba, wakanipa jembe, wakaketi wote ukingoni. "Chimba, mgonjwa, tunakuombea!"

Nilichimba peke yangu kama hatua tatu, mgongo unawaka, ndipo Mama Njeri akaruka ndani. "Si kwa sababu yako, Baba Wanjiru. Naona baridi tu." Wakafuata wengine, Kariuki wa mwisho.

Sijui kama naeleza vizuri. Nadharia inaeleza kabisa kwa nini mimi nililala, siwezi kuikana. Kwa nini wao waliingia mtaroni, hapo sijaona inasema nini. Mimi niliapa kutotaja tumbo tena siku ya Jumatano, na mwaka uliofuata lilipouma kweli, nilichimba nikiwa nimeuma meno, nikitabasamu kila Mama Njeri akinitazama.