Ufuo Usio na Urefu

Tik. Kimya kidogo, kisha tik tena. Nilikuwa bado nimejifunika shuka mpaka kichwani, nikinusa moshi wa kuni za majirani waliokuja kukaa nasi msibani, na sauti ile ikapenya pazia la mlangoni. Nilidhani ni mjusi anayetafuna kitu darini. Nilipofunua shuka na kuchungulia sebuleni, nikamwona Shangazi Awino, mdogo wake Baba, ameinamia ramani kubwa ya shule iliyotandazwa mezani. Mkononi alikuwa na bikari ya chuma, ile ya kuchorea duara. Aliitembeza ukingoni mwa ziwa, ncha moja baada ya nyingine, kama mdudu wa miguu miwili. Mpaka leo nikipita kwa fundi cherehani, sindano ikagonga kitambaa polepole, ladha ya asubuhi ile hunijia mdomoni, chungu kama majani ya chai yaliyochemshwa mara mbili.

Baba alikuwa hajaonekana. Alikuwa fundi wa mashine za boti, na aliitwa kisiwani kutengeneza mashine iliyogoma. Wakati wa kurudi upepo ukaipindua boti yao karibu na Igombe. Wenzake waliokotwa wote, baadhi wakiwa hai, baadhi wamekufa. Yeye hakuokotwa. Vijana wa mwaloni, pale boti zinaposhushia samaki, walipiga mbizi, wakatembea katikati ya majabali na mafunjo, wakavuta magugu maji kwa ndoano. Mwishowe wakaja nyumbani kwetu Ilemela, suruali zimelowa mpaka mapajani, wakasema wameumaliza ufuo wote.

"Mmeumaliza kwa hatua ya nani?" Shangazi akawauliza.

Wakatazamana. Mmoja akajibu kwa adabu, "Kwa miguu yetu, mwalimu."

Shangazi alifundisha hisabati sekondari, na watu walimwogopa kidogo, kama wanavyomwogopa daktari anayeuliza maswali mengi. Siku hiyo alinishika mkono tukashuka ziwani. Dagaa walikuwa wameanikwa juu ya mawe, wananuka shombo na jua. Akanionyesha jabali moja mbele yetu, akaniambia twende mpaka pale. Yeye alikuwa na miguu mirefu, akavuka kwa kuruka jiwe hadi jiwe. Mimi nilishindwa, nikawa nalizunguka kila jiwe, nafuata maji yanavyoingia na kutoka.

"Nani ametembea safari ndefu?" akauliza nilipofika, natweta.

"Mimi, Shangazi."

"Na angekuwa sisimizi?"

Nikafikiri. Sisimizi angezunguka hata kokoto. "Yeye zaidi."

"Na mdogo kuliko sisimizi, anayezunguka kila chembe ya mchanga?"

"Huyo hafiki leo."

Akacheka, mara ya kwanza tangu aje. Akaniambia kwamba ramani nayo ilikuwa hivyohivyo. Ukiipanua bikari unapata urefu fulani wa ufuo. Ukiibana, inaingia kwenye vighuba ambavyo mwanzo iliviruka, na ufuo uleule unakuwa mrefu zaidi. Ukiibana tena, unarefuka tena.

"Sasa urefu wake wa kweli ni upi?"

"Hauna."

"Haujulikani?"

"Nimesema hauna, Achieng. Hakuna mahali hesabu hiyo inasimama."

Nilirudi nyumbani nimebeba habari hiyo kama kikombe cha maji kilichojaa. Nikamweleza mdogo wangu Okoth, ambaye alikuwa hajaanza shule, kwamba bikari ikibanwa unazaliwa ufuo mpya, ambao vijana wa mwaloni hawajaukanyaga, na kwamba Baba yuko huko. Okoth alinikubalia hapohapo. Alitaka tu kujua kama huko kuna kivuli.

Sasa kwetu Waluo, mtu akizama asipatikane, huzikwa tunda la yago mahali pake, la ule mti ambao wengine huuita mwegea. Ni tunda refu, zito, la kijivu, lina urefu kama wa mkono wa mtu mzima. Linavishwa na kulazwa jenezani, na mtu anahesabiwa amezikwa. Bila hivyo msiba hauishi. Mama asingeinuka kwenye mkeka, na Baba, kwa maneno ya wazee, angebaki nje ya nyumba akizunguka bila kukaribishwa. Babu Ogola, mdogo wake marehemu babu yetu, alitoka nalo Rorya, kijijini kwetu, kwa basi, amelipakata magotini. Konda alitaka kumtoza nauli ya mzigo, na Babu akabishana naye njia nzima kwamba huyu ni abiria.

Alasiri jeneza lililetwa. Katekista alikubali kuliombea, kwa sharti kwamba asiulizwe anaombea nini. Mama alilifunga tunda ndani ya ovaroli ya Baba, ile iliyokuwa bado inanuka oili, akalipima mikononi.

"Alikuwa mzito kuliko hili," akasema.

Shangazi alisimama pembeni ya meza yake, ramani bado imetandazwa. "Hamjamaliza kumtafuta," akasema. "Mnazika boga."

"We Awino," Babu akamjibu, "kwani umeolewa na hilo ziwa? Mwache kaka yako alale."

"Alale wapi, Baba mdogo? Yuko wapi, nionyeshe!"

"Unataka tukae hapa mpaka watoto hawa waote mvi?"

Nilimwonea huruma shangazi yangu, amebaki peke yake upande ule wa chumba. Nilitaka kumsaidia. Nikapaza sauti mbele ya watu wazima, jambo ambalo siku nyingine lingeniletea kofi: "Shangazi, kama ufuo hauishi, si ziwa nalo haliishi?"

Akaigeukia ramani yake. Alikuwa mwalimu, na nadhani hakujua kumjibu mtoto uongo. Akachukua penseli, akalizungushia ziwa lote mstatili kwenye ramani.

"Ziwa linaisha," akasema, sauti imeshuka. "Maji yote yamo humu. Ukingo unaweza kurefuka bila kikomo, lakini kilichomo ndani hakiongezeki hata tone. Hiyo ndiyo ajabu yake."

Mama alikuja akasimama mezani, ovaroli imelala mikononi mwake. Akautazama ule mstatili.

"Kwa hiyo yumo humu, wifi."

"Yumo."

"Hawezi kuwa mahali pengine."

Shangazi akatikisa kichwa: hawezi.

"Basi namzika," Mama akasema.

Miaka mingi baadaye, nikiwa kidato cha sita, mwalimu alituchorea ubaoni umbo ambalo mzingo wake hauna kikomo na eneo lake linajazwa kwa wino kidogo. Darasa zima lilishangaa. Mimi niliomba ruhusa nitoke nje. Nilikuwa nimetambua kwamba nusu zote mbili ni za somo moja, na kwamba Shangazi alizijua zote tangu asubuhi ile ya bikari. Kule ufuoni alinifundisha nusu moja tu, ile iliyomruhusu kuendelea kutembea. Kila alipobana bikari aliongeza kipande cha ardhi ambacho juu yake kaka yake alikuwa bado hajafa. Mama alikuwa na watoto wawili na hakuweza kuishi ukingoni. Alichukua nusu iliyobaki, yenye mwisho, na mimi kwa swali langu ndiye niliyemfungulia. Sijui mpaka leo kama nilimwokoa mmoja au nilimnyang'anya mwingine.

Siku ile ya msiba, wanaume walibeba jeneza hadi kwenye gari lililokuwa likingoja kulipeleka Rorya. Lilikuwa jepesi mno, na walijitahidi kutembea kama waliolemewa. Okoth alipandishwa mbele. Shangazi alikaa kwenye kigoda akavaa mabuti yake ya mpira, moja, kisha la pili, akakaza skafu kichwani.

"Gari linaondoka, Awino," Babu akamwita, safari hii kwa upole. "Njoo, mwanangu."

"Mtangulie, Baba mdogo."

Mama hakumwita. Alimpa tu kitenge chake, kwa sababu upepo ulikuwa umeanza. Shangazi alikipokea kwa mikono miwili, akanigusa shavu, akatoka kwa mlango wa nyuma, ule wa upande wa ziwa, na akaufunga taratibu kana kwamba ndani kulikuwa na mtu aliyelala.