Leo Mwajuma kataja jina lake

Leo mwanangu kataja jina lake kwa mara ya kwanza.
Bora angenyamaza.

Tulikuwa uani tunachambua korosho, mimi na majirani. Akaingia mpangaji mpya, katoka Newala juzi tu, yeye hatujui wala sisi hatumjui. Akamwinamia Mwajuma wangu. Ana miaka kumi na mbili, na maneno yake yanahesabika.

"Hujambo, mama? Unaitwa nani?"

Akajibu kwa sauti, vizuri kabisa: "Zezeta."

Uani kicheko! Mama Fadhila, jirani yangu wa ukuta mmoja, akapiga makofi. "Kumbe anajijua!"

Daktari alisema mtoto ana usonji. Nikawaambieni, majirani zangu mnaosoma hapa, mkasema neno gumu hilo. Zezeta ndilo rahisi, hata watoto wenu wa chekechea wanaliweza.

Mgeni hakucheka. "Na mama yako ni nani?"

"Mama Hamisi."

Hamisi ni mdogo wake, jamani. Huku kwetu mwanamke anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Lakini alipozaliwa Hamisi mkamruka Mwajuma, kama vile ndiyo kwanza nimezaa. Na mimi kila mkiniita hivyo, naitika "abee".

Mgeni akanigeukia. "Kumbe Hamisi ndiye mkubwa?"

Mwajuma yuko pale pale, mkono ndani ya ungo.

Nikasema ndiyo.

Haya, niandikieni hapo chini mnavyotaka. Nyie mlimtukana tu. Aliyemkana ni mimi.