Korongo wa Bwaise

Nakiri leo kwa sababu kazi yenyewe ya kuonyesha watalii ndege nimeshaipoteza. Nilitoka Kisumu kuja Kampala kutafuta riziki, na nilipoulizwa kama najua ndege nikasema nimekua nao. Ndege niliyemjua vizuri ni kuku.

Jumamosi nilitembeza wageni wanne kwenye kinamasi cha Bwaise, bosi akinifuata nyuma kunipima. Mvua ilinyesha tangu alfajiri na hatukuona kitu. Kisha, ng'ambo ya mafunjo, nikamwona: mrefu, wa kijivu, ametulia. Nilikuwa nimesoma kwamba korongo mkubwa wa huku husimama saa nzima bila kutikisika, basi nikawanong'oneza wasisogee. Tukasimama nusu saa, maji yakituingia viatuni.

"Mbona ndege wengine hawamkaribii?" bosi akauliza.

"Wanamheshimu," nikajibu.

Akatokea mama mwenye shamba la mpunga, amelowa chepechepe. Akamwendea korongo wangu, akamvua koti, akalivaa yeye. Zikabaki fito mbili.

"Ssebo," akaniita, yaani bwana kwa Kiganda, "hii mimi naweka ifukuze ndege. Nyinyi natafuta nini?"